Suala Limekwama Meza ya Nani? Mwongozo wa Kumtetea Mtoto wa Darasa la Awali

Kijijini kwetu, mkoani Singida, naitwa mwalimu wa vidudu. Kwenye barua yangu ya ajira ni mwalimu wa elimu ya awali, mjini wangesema chekechea, lakini mzazi akinisimamisha njiani huniuliza tu, "Mwalimu wa vidudu, huyu wangu leo amelia?" Jina silichukii. Ila nimeona kwamba watu wazima hawaitishi kikao kwa ajili ya vidudu.

Miaka kadhaa nyuma nilijiendeleza kwa masafa, na muhula mmoja tukasoma somo la utetezi katika elimu ya awali. Mhadhiri wetu alipenda neno uchechemuzi. Niliporudi nikalitamka mbele ya kamati ya shule, na mzee mmoja akauliza, kwa dhati kabisa, kama huo uchechemuzi una chanjo. Tangu hapo nasema kufuatilia, na kila mtu ananielewa.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu mwenzangu, mzazi, au mjumbe wa kamati ya shule anayetaka kufuatilia jambo la watoto wa awali hadi lifanyike. Nimeuandika kwa mfumo wa Tanzania Bara, ndio ninaoujua kwa kuugusa. Aliye Kenya ajue kwamba Katiba ya 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa kaunti, hivyo meza zake ni nyingine. Na Zanzibar elimu ya maandalizi ina wizara yake. Mfano nitakaoufuata toka mwanzo hadi mwisho ni wa choo. Naomba radhi kwa wanaosoma wakila.

Hatua ya 1: Elewa kwanza kwa nini mtoto huyu anasahaulika

Darasa la saba wana mtihani wa taifa. La nne wana upimaji. Hata la pili wanapimwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Shule ikishuka, mwalimu mkuu anaitwa ajieleze. Darasa la awali halina mtihani, na ni sawa lisiwe nao, maana mtoto wa miaka mitano mtihani wake ni kufunga vifungo vya shati. Lakini kisichopimwa hakuna anayekiulizia.

Upande wa pili kuna kliniki. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na jambo hilo lina mkataba unaosainiwa mpaka ngazi ya mkoa, kisha watu wanapangwa kwa alama. Afisa lishe anajua kuna siku ataulizwa. Mtoto akitimiza miaka mitano anatoka kwenye hesabu ile, na kwenye hesabu ya mitihani bado hajaingia. Katikati hapo ndipo anapokaa na mimi.

Karatasi hazijatunyima. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Ada ilipoondolewa Januari 2016 wazazi waliitikia, na mwaka huo watoto wa awali nchini wakapita milioni 1.5. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Desemba 2021 ikazinduliwa Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile tunayoiita PJT-MMMAM kwa sababu jina lake kamili linamaliza pumzi. Hiyo inamtazama mtoto toka kuzaliwa mpaka miaka minane kwa mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama.

Na mimi mwaka ule ninaousimulia nilikuwa na watoto 96 kwenye daftari la mahudhurio, chumba kimoja, mkeka mmoja, na visoda vya kuhesabia ndani ya ndoo ya rangi.

Kwa hiyo usianze kwa kudai sera mpya. Uliza ile iliyokwisha kuandikwa imekwama meza ya nani.

Hatua ya 2: Chagua jambo moja, na uwaachie watoto wakuchagulie

Kosa langu la kwanza lilikuwa barua. Niliandika kurasa nne kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, mahitaji tisa, yamepangwa kwa herufi: walimu wawili zaidi, kona za kujifunzia, bembea, uji, vitabu, choo, mpaka saa ya ukutani. Nikaipeleka mwenyewe mjini kwa bodaboda. Ikarudi baada ya wiki mbili ikiwa na maneno machache ya kalamu nyekundu pembeni: ipitie kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu ndiye aliyeipokea kabla yangu. Wiki nzima alijibu salamu yangu na hakuongeza neno.

Nilistahili. Mwenye mahitaji tisa hasaidiwi hata moja, kwa sababu kila anayesoma anatafuta lile lisilomhusu yeye ili amwelekeze mwombaji kwingine.

Jambo zuri la kuanza nalo linaonekana kwa macho, linapimika, na lina mtu mmoja ambaye akisaini linakwenda. "Kuboresha mazingira ya ujifunzaji" halimo humo. Tundu la choo limo.

Nilivyolipata ni hivi. Nilikuwa nimeona watoto wanapungua baada ya mapumziko. Nikadhani ni njaa. Nikachukua daftari dogo na kwa wiki mbili nikaandika kila aliyeondoka kabla ya muda, saa ngapi, na alielekea wapi. Siku ya nne nikamfuata mtoto mmoja wa kike, mtundu kweli, asiye na woga wa mbwa wala nyoka. Ilikuwa saa nne na robo. Alipita nyuma ya darasa, akavuka shamba la alizeti, akaingia choo cha kwao, akatoka, akakaa kivulini akaanza kucheza. Hakuwa na mpango wa kurudi.

Nikamuuliza kwa nini hatumii choo cha shule.

"Shimo la shule linameza watu," akasema, kama anayemwambia mgeni jambo linalojulikana na kila mtu.

Nikaenda kuliangalia kwa macho yake, yaani nikachuchumaa. Choo kilijengwa kwa ajili ya wakubwa, sakafu imebomoka kingo, tundu limepanuka. Nikapima kwa kamba: sentimita 31 upana. Alama za kukanyagia zilikuwa mbali kiasi kwamba mtoto wa miaka mitano akizifikia amepanua miguu, hawezi kuchuchumaa. Akisogeza miguu karibu, hana pa kukanyaga. Hesabu ya daftari baada ya wiki mbili ilinitia aibu. Wastani wa waliokuwa wanafika ni 71 kwa siku, na kati yao 23 walikuwa wamekwenda haja nyumbani na hawakurudi, angalau mara moja.

Sikuwahi kuwauliza. Mwaka mzima nilikuwa ninawaandika "watoro".

Wewe fanya hivyo hivyo: daftari, wiki mbili, uandike unachokiona kabla hujaamua tatizo ni nini. Na waulize watoto. Wanajua, ila hawaitwi kwenye kikao.

Hatua ya 3: Ijue meza

Hapa ndipo wengi wanapochoka, kwa sababu wanabisha mlango usio wao. Kila jambo la awali lina kalamu yake:

- Mtaala na vitabu ni Wizara ya Elimu na Taasisi ya Elimu Tanzania. Meza ya mbali. Peke yako hutaifikia, tafuta mtandao wa mashirika kama TECDEN, wao wanaingia Dodoma.
- Kuajiri walimu ni jambo la taifa. Lakini nani kati ya walimu waliopo shuleni afundishe awali, hiyo ni kalamu ya mwalimu mkuu, na usidharau. Shule nyingi hupeleka huko mwalimu anayekaribia kustaafu au anayeumwa, na hilo hubadilishwa kwa mazungumzo ya dakika kumi ofisini kwake.
- Vyumba, vyoo na madawati ni halmashauri, kwa kupanda kutoka serikali ya kijiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata, hadi baraza la madiwani.
- Uji ni kamati ya shule na mkutano mkuu wa kijiji.
- Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana hakiko elimu kabisa, kiko kwa afisa ustawi wa jamii. Nimeona watu wakizungushwa miezi kwa kutolijua hili.

Kama wewe ni mtumishi wa umma, barua yako itakuwa na mstari wa "kupitia kwa". Uheshimu. Kabla sijaandika barua ya pili nilimwendea mwalimu mkuu jioni, nikamwomba radhi kwa ile ya kwanza, nikamwonyesha daftari. Alilisoma lote. Halafu akaniambia kitu ambacho somo la muhula mzima halikunifundisha: kwamba kwenye taarifa ya shule anajaza idadi ya matundu ya vyoo, na kiwango kinachotumika ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, lakini fomu ile haiulizi tundu lina ukubwa gani. Kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi watoto wangu walikuwa na choo. Tatizo lilikuwa limejificha ndani ya namba iliyojazwa vizuri.

Toka siku hiyo mwalimu mkuu akawa upande wangu. Kama ningemruka mara ya pili, choo kile kisingejengwa mpaka leo.

Hatua ya 4: Ijue kalenda

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Watu wanajua hilo, ndiyo maana wanapeleka maombi Juni. Juni wamechelewa kwa miezi saba.

Kwa kawaida vijiji huibua vipaumbele kati ya Oktoba na Desemba, kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Kuanzia Januari vipaumbele hivyo hupita kata, vikaenda kwa wataalamu wa halmashauri, kamati za kudumu, na baraza la madiwani hupitisha Februari au Machi. Bunge linakaa na bajeti Aprili hadi Juni. Hapo kazi yako ni kusikiliza redio. Ile barua yangu ya kurasa nne niliipeleka Machi, kitabu cha bajeti kikiwa kimeshafungwa. Hata kama ingepita kwa mwalimu mkuu ingekuwa kazi bure.

Kwa hiyo jambo lako liwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji wa robo ya Oktoba hadi Desemba. Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Huko kwetu changamoto ni kwamba Desemba mvua zikishika watu wako shambani. Omba mwenyekiti aitishe Novemba, kabla majembe hayajaanza.

Hatua ya 5: Beba namba za nyumbani

Chuoni tulipewa mfano wa Ypsilanti, mji wa jimbo la Michigan, Marekani. Kuanzia 1962 watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani Weusi waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapata elimu ya awali nzuri na jingine halikupata, kisha wote wakafuatiliwa mpaka utu uzima. Mwanauchumi James Heckman wa Chicago, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alipokuja kuzipiga hesabu zile na wenzake walikadiria faida ya asilimia 7 hadi 10 kwa mwaka kwa jamii. Ni utafiti mzuri, na nilipata alama nzuri kwa kuueleza.

Nikaueleza pia kwa serikali ya kijiji. Mwenyekiti akasikiliza kwa adabu, akauliza, "Hao watoto wa Marekani, vyoo vyao vilikuwaje?"

Weka Ypsilanti kwa ajili ya andiko la mfadhili. Kijijini na kwenye kata beba namba ambazo msikilizaji anaweza kuzihakiki kwa kutembea dakika tano. Zangu zilikuwa tatu tu: 71, 23, na sentimita 31. Kila mtu aliyetaka kubisha nilimpa kamba akapime.

Namba unazozihitaji toka halmashauri unaweza kuziomba. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma. Anza lakini na ubao wa matangazo wa kijiji na wa shule, mapato na matumizi hubandikwa pale na ni wachache wanaosoma. Mimi nilikuta pale kwamba shule ilishapokea saruji ya ukarabati mwaka uliotangulia na ikaishia kwenye nyumba ya mwalimu. Sikulipigia kelele, nyumba ile ilihitaji. Ila nilijua sasa saruji huwa inakuja.

Tahadhari fupi kuhusu picha. Kishawishi cha kupiga picha mtoto akiwa amesimama mlangoni mwa choo kibovu na kuitupa kwenye magrupu ya WhatsApp ni kikubwa. Usifanye. Mtoto yule atakua, na picha itabaki. Kuna Sheria ya Mtoto ya 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata zisingekuwepo, jiulize kama ungekubali mwanao apigwe hivyo. Piga picha tundu.

Hatua ya 6: Wazazi kwanza, na hela usiishike

Ninapotaka kukumbuka utetezi wa elimu ya awali unavyoanza, sifikirii Michigan. Nafikiria Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Viongozi wa Kiislamu wa Pwani waliona watoto wao wanaachwa nyuma shuleni, wakaomba msaada kwa Aga Khan. Kazi ikashikwa na mwalimu wa hukohuko, Bi Swafiya Said. Chekechea zikaanzishwa palepale penye madrasa na msikiti, wakafundishwa kina mama na mabinti wa mtaa uleule, zana zikatengenezwa kwa vinavyookotwa jirani, na mafunzo ya dini yakabaki na nafasi yake. Mpango ukavuka mpaka Zanzibar 1990 na Kampala 1993. Ulidumu kwa kuwa walianza na hofu ya mzazi, kwamba mtoto akienda shule ataacha dini, wakaijibu hiyo kabla ya kuongelea kitu kingine.

Hofu ya wazazi wangu ilikuwa mchango. Tangu ada iondolewe, neno mchango likitajwa mkutanoni nusu wanaondoka. "Serikali imesema bure." Bishana nao utashindwa, na ukikusanya hela mwenyewe utajikuta unaandika maelezo. Mwalimu asishike hela, hata shilingi mia tano ya chaki. Elimu bila ada haikuondoa wajibu wa mzazi wa kumlisha mwanawe wa kutwa, lakini maneno hayo yakisemwa na mwalimu yanasikika kama deni. Yakisemwa na mama mwenye mtoto darasani yanasikika kama akili.

Kwa hiyo nilimwachia mama mmoja anayeuza vitumbua karibu na kisima, mwanamke mwenye sauti na heshima. Yeye hakusema mchango. Alisema, "Shimo tukichimba wenyewe, hakuna wa kutudai." Nguvu za wananchi huku kwetu zinaeleweka: kijiji kinachimba, kinasomba mawe na mchanga, halmashauri inaleta saruji na bati. Wababa kumi na mmoja walichimba kwa Jumamosi tatu. Shimo lilikuwepo kabla ya kikao cha kata, na hilo ndilo lililotubeba, kwa sababu diwani anaogopa sana shimo lililochimbwa na wapiga kura likakaa wazi.

Uji tuliufanya baadaye kwa njia hiyohiyo, kwa nafaka badala ya hela. Kilo tano za mtama au uwele kwa kila mtoto, zinapokelewa Juni na Julai watu wakitoka kuvuna. Ukizidai Januari utakuta vihenge vitupu na utawaita wazazi wagumu bure.

Hatua ya 7: Kikao

Kamati ya Maendeleo ya Kata inaongozwa na diwani. Katibu wake ni Afisa Mtendaji wa Kata. Wajumbe ni pamoja na wenyeviti wa vijiji. Huwezi kuingia tu. Mwombe Mtendaji, kupitia kwa mwalimu mkuu, jambo lako liwe ajenda yenye jina lake. Usikubali kuwekwa kwenye Mengineyo. Mengineyo huja saa nane, watu wana njaa, na kila kitu kinachosemwa pale hujibiwa "tumelipokea".

Niliingia na boksi la sabuni nililolifungua likawa bapa. Nilikuwa nimekata katikati yake tundu la upana uleule wa sentimita 31, na kuchora alama za kukanyagia mahali zilipo chooni. Mkononi nilikuwa na kandambili za mtoto, zile za rangi ya waridi zilizoisha kisigino.

"Mwalimu, una dakika tano," Mheshimiwa Diwani alisema, jicho kwenye simu.

Nikalaza boksi juu ya ndoo mbili, nikaweka kandambili moja huku na nyingine kule, juu ya alama. Halafu nikamwomba mzee mmoja, mwenyekiti wa kijiji cha jirani mwenye mjukuu darasani kwangu, azisogeze mpaka mahali mtoto anapoweza kuchuchumaa.

Akazisogeza. Zikatumbukia zote mbili.

Akainama akaziokota, akazifuta vumbi kwa kiganja, akajaribu tena taratibu zaidi. Zikatumbukia.

Diwani aliweka simu mfukoni. "Hiki ni kipimo chenyewe?"

"Chenyewe, Mheshimiwa. Kamba hii hapa."

"Wangapi wanaathirika?" Mtendaji akauliza, kalamu juu.

"Ishirini na watatu kwa wiki mbili. Shimo jipya limeshachimbwa. Tunaomba mifuko 18 ya saruji, bati 8, na slabu mbili za tundu dogo."

Nikakaa. Hilo la kukaa lilikuwa gumu kuliko yote, maana nilikuwa na maneno mengine ya PJT-MMMAM niliyoyaandaa usiku kucha. Sikuyahitaji pale. Niliyahitaji kwenye barua iliyofuata, ambako "ulinzi na usalama wa mtoto" kwa jina la programu ya taifa ulimfanya afisa ustawi wa jamii wa wilaya naye aweke neno lake. Kila chumba na lugha yake.

Kabla hujatoka, hakikisha uamuzi umeandikwa kwenye muhtasari, na unakili tarehe ya kikao na namba ya ajenda. Siku utakayoambiwa "hilo hatulikumbuki", utavihitaji.

Hatua ya 8: Baada ya kukubaliwa ndipo kazi inaanza

Choo kiliingia kwenye bajeti. Julai ikafika, Agosti, Septemba. Novemba nikaambiwa fedha imehamishiwa kumalizia chumba cha darasa la kwanza shule nyingine ya kata yetu, watoto wameongezeka. Sikuwa na la kumlaumu mtu, watoto wale nao walikuwa wanasomea chini ya mti. Ila nililia, nikiwa peke yangu, stoo ya vitabu.

Mwalimu mkuu ndiye aliyenipa mpango. Kila kikao cha kata cha robo mwaka, swali moja fupi chini ya yatokanayo na muhtasari uliopita: ajenda namba fulani, ya tarehe fulani, imefikia wapi? Bila hasira, bila hotuba, kwa mdomo wa mwenyekiti wetu wa kijiji na si wangu. Robo ya kwanza wakacheka. Robo ya pili Mtendaji alijibu kabla hajaulizwa. Mwaka wa fedha uliofuata, Septemba, trekta la halmashauri lilishusha mifuko 18. Bati zilikuja 6, mbili tukazikopa.

Katikati ya kungoja usikae bure. Sisi tulitumia ubao wenye tundu dogo uliochongwa na fundi wa kijiji, ukawekwa juu ya lile kubwa, na mama wa vitumbua akajitolea kusimama pale saa nne. Watoto wanaoondoka walishuka toka 23 hadi 6 kwa wiki mbili. Niliendelea kuandika kwenye daftari lilelile, na namba ile ya 6 nikaipeleka kata pia, kuonyesha kwamba dawa inafanya kazi na tunachoomba ni dozi kamili.

Choo kilifunguliwa muhula wa kwanza wa mwaka uliofuata. Matundu mawili madogo, sakafu laini, ndoo ya maji yenye koki chini. Siku ile niliwapanga foleni waingie mmoja mmoja wakizoee. Yule wa kike, ambaye sasa alikuwa darasa la tatu na hakuhusika tena, alikuja kusimama pembeni kukagua. Akaingia, akakaa kidogo, nikamsikia anahangaika na mlango kwa ndani.

Fundi alikuwa ameweka komeo juu, usawa wa kifua changu.

Nimepima. Ni sentimita 128 kutoka sakafuni. Barua ya kulishusha iko kwa mwalimu mkuu tangu Jumatatu.